Krenki ya Ford Model T: umebalansi, mbona beringi ya kati inakufa?

Mkuu, umesema krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ilipita kwenye mashine ya kubalansi na bado injini inatetemeka ukikaza mwendo, beringi ya kati nayo inaisha. Mashine haikudanganya. Krenki ya T haina vizito vya kukabili (vya kusawazisha shingo upande wa pili), na shingo za konrodi namba 2 na 3, zilizo kando ya beringi ya kati huku na huku, zote zinaelekea upande mmoja. Kwa nje 1 na 4 wanawasawazisha, lakini ndani chuma kinajipinda, na nguvu ya kukipinda hukua kwa mraba wa mwendo: toka mizunguko 1,600 kwa dakika hadi 2,400 inapanda mara 2.25.

Kwa hiyo anza na unyoofu. Ipake unga wa sumaku utafute nyufa, hasa kwenye kona za shingo za nyuma. Yenye ufa usiichomelee, itupe. Ilaze kwenye V za chuma, dayo geji (saa ya kupimia mchezo) ikae shingo ya kati, uizungushe. Sindano ikicheza kupita thau 2 (thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi), nyoosha kwa presi kwanza, ndipo usage. Shingo mpya ina kipenyo cha kama inchi 1.248, na husagwa kwa hatua za thau 10. Mwambie msagaji jiwe lake liwe na kona ya mviringo mpana. Kona kali ndiyo mama wa nyufa.

Flanji ya nyuma, inapofungwa flaiwili, ipime pia. Ikiegama thau 1, ukingo wa flaiwili unayumba mara kadhaa zaidi, na nafasi kati ya sumaku zilizo juu yake na koili za kuzalisha umeme ni thau 25 hadi 40 tu.

Kubalansi kwenyewe hakuhitaji vizito vya bandia kwenye shingo, maana mpangilio wa silinda nne unajisawazisha, ilimradi pistoni na konrodi zilingane. Pima uzito wa kila ncha ya konrodi peke yake, ile nyingine ikiwa imening'inizwa, zote zifike ndani ya gramu 1 au 2. Krenki ibalansiwe peke yake, kisha flaiwili ikiwa na sumaku zake 16, kisha vyote pamoja vikiwa na alama ili virudi vilevile.

Babiti (chuma laini cha beringi) iachiwe nafasi ya thau 1 hadi 1.5. Hakuna pampu ya oili hapa, konrodi zinachota zenyewe, kwa hiyo usibane mno.

Ukitaka kukimbiza gari, funga vizito vya kukabili. Zungusha kwa mkono uone havigusi kemshafti wala bomba la oili, halafu irudishe krenki kwenye mashine.