Maswali ya wasomaji: nashona peke yangu usiku, nimechoka

SWALI: Mama, nakusalimia. Mi niko mama wa watoto wanne, tunakaa Katindo, Goma. Kila wiki kuna kitu kimepasuka, kulote (suruali) za shule kwenye magoti, mifuko, shuka, juzi hata neti ya mbu, na kazi yote inaniangukia mimi. Nashona usiku wakishalala, na tochi ya simu juu umeme unakatika. Mama mkwe ananiambia nishukuru, ati kushona ni kama kusali. Mimi nikishika sindano nasikia hasira tu, naona umaskini, naona watoto wa jirani wamevaa vipya. Ni dhambi? Na kweli kuna imani gani ndani ya kiraka?
Mama wa wanne, Katindo

JIBU: Dada yangu, si dhambi, umechoka. Barua yako nimeisoma mara mbili na kuna neno moja limenishika, umeandika "wakishalala". Mi naona maumivu yako yanatoka hapo kabisa. Wanapasua wote, wanavaa wote, halafu anayeshona ni mmoja, gizani, na hakuna hata mtu wa kukushikia kitambaa. Sasa hapo hasira isiingie namna gani?

Mama mkwe wako ana haki kwa sehemu. Lakini fungua Matayo sura ya 4 uangalie vizuri Yesu anawakuta wapi Yakobo na Yohana: wako ndani ya mtumbwi na baba yao Zebedayo, wanatengeneza nyavu. Baba na vijana wake, pamoja. Sisi watu wa Ziwa Kivu tunaielewa hiyo bila kufundishwa, sambaza ni kasamaki kadogo, wavu ukitoboka tundu la kidole tu usiku mzima umekwenda bure, kwa hiyo mchana wanakaa wote wanatafuta tundu moja moja. Na mwito wa Mungu uliwakuta pale pale, mikono ikiwa kwenye nyavu. Mimi hiyo picha naipenda sana, mwaka mzima inanisaidia.

Nikuambie yangu. Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, Nyiragongo, volkano yetu, ilipotapika ilikuwa Jumamosi jioni, wote mnakumbuka mbingu ilivyokuwa nyekundu. Siku chache baadaye, tarehe 27, tuliambiwa tuhame, sisi tukafuata barabara ya Sake kwa miguu na watu wengi wengi, mtoto wangu mdogo mgongoni. Kabla hatujafika kitenge nilichombebea kikapasuka upande wa fundo, mtoto akaanza kuteleza. Nikalia. Kwa kweli sikulilia kitenge, nililia vyote. Mama yangu mzazi akasimama kando ya njia, akainua pindo la kitambaa chake cha kichwa, na mle ndani kulikuwa sindano imechomekwa na uzi mwekundu umezungushwa. Sikujua hata siku moja kama anatembea nayo. Akamwambia kijana wangu mkubwa, alikuwa na miaka tisa, shika hapa uvute, mimi nikashika upande mwingine, na yeye akashona akisali Salamu Maria, sala moja kwa kila mishono michache, watu wanapita, vumbi, wengine wanatuita twendeni twendeni. Kitenge ni cha kijani, uzi ni mwekundu, mishono haijanyooka. Niko nacho mpaka leo na yule kijana akikiona ananiambia "mama, hapa njo nilishika". Hasemi bibi alishona, anasema yeye alishika.

Kwa hiyo ukiniuliza imani iko wapi ndani ya kiraka, mi nitakuonyesha ile mikono mitatu.

Sasa kwako ufanye hivi: usishone tena usiku. Chagua saa moja ambayo wote wako nyumbani, kwetu ni Jumapili baada ya misa na chakula, weka kapu katikati ya sebule na kila mmoja alete chake kilichoharibika. Mdogo, hata wa miaka minne, apange vifungo kwa rangi kwenye kopo, mwingine atie uzi kwenye sindano maana macho yao ni mazuri kuliko yetu, mkubwa ashone. Bwana yako naye, kiti chenye mguu unaocheza kinamngoja. Anza na sala fupi, mmoja aitaje nguo ni ya nani na amwombee huyo mwenye nguo, basi. Wiki ya kwanza watalalamika, ya pili pia. Kwetu ilichukua karibu miezi miwili hadi siku moja nilipowasikia wanacheka wenyewe mimi niko jikoni, na nikabaki jikoni makusudi.

Na kuhusu magoti, juu ya haya mawe ya volkano yanayokula kila kitu: kama kiraka ni kitambaa kipya cha pamba, kifue na kukikausha kwanza kabla ya kushona. Kipya kinarudi kikifuliwa, kinavuta ile nguo ya zamani na tundu linakuwa kubwa kuliko mwanzo. Yesu mwenyewe alilisema, Matayo 9, na mi naamini aliwahi kuona mtu nyumbani akishona. Kata kiraka pembe za mviringo, pembe kali zinanyanyuka haraka. Kiweke kwa ndani, kipite tundu vidole viwili kila upande, ushone mishono midogo ya kurudi nyuma, na mwisho wa uzi usitegemee fundo moja, rudia palepale mara mbili tatu. Umaskini sikukatazi kuuona, upo. Lakini watoto wa jirani hujui nani aliwashikia kitambaa.

SWALI: Bido (dumu) yetu ya lita 20 imepasuka chini, tunatekea maji ya ziwani. Inatengenezeka ama tutupe?
Kijana wa Kyeshero

JIBU: Inatengenezeka, mwanangu. Tafuta kipande cha bido ingine ya zamani ya plastiki ya aina moja, plastiki tofauti hazishikani. Bido iwe kavu kabisa. Pasha kisu cha zamani juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka kiwe cha moto sana, yeyusha kingo za ufa pamoja na kile kipande, palainishe taratibu, acha ipoe bila kuigusa, halafu jaza maji uilaze usiku mzima juu ya kartoni uone kama kartoni inalowa. Fanyia nje, ule moshi ni mbaya kwa kifua, na watoto wakae mbali. Ila bido iliyowahi kubeba esanse (petroli) usiisogeze kwenye moto hata kama imeoshwa mara kumi, ile inaweza kulipuka. Na muite mdogo wako akushikie tochi.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 12 anataka kujifunza kushona kama dada zake. Wenzake wanamcheka, na mimi sijui nimwambie nini.
Papa wa Ndosho

JIBU: Papa, pita pale Birere uangalie kwenye veranda nani amekaa nyuma ya zile cherehani. Mapapa wengi tu, wanalisha nyumba na kulipa masomo. Mtume Paulo alishona hema na ndiyo ilikuwa kazi ya mikono yake, iko Matendo sura ya 18. Na ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, Nehemia sura ya 3 inamtaja Shalumu akitengeneza sehemu yake yeye na binti zake. Kazi ya nyumba ni ya mwenye nyumba, na huyo kijana ni mwenye nyumba.

Mnunulie sindano ya jicho pana na uzi mweusi. Kazi ya kwanza mpe shemizi yako mwenyewe iliyokosa kifungo, kaa karibu naye mpaka amalize, na Jumapili uivae kwenda kanisani hata kama kifungo kimekaa upande.