Usiandike "uzembe" kwa kila kosa

Kamwene, wadogo zangu. Ninyi mnaoanza kazi za misitu huku Mufindi na Njombe mtalisikia neno moja kuliko mengine yote: uzembe. Miche imekufa, uzembe. Moto umevuka, uzembe. Mti umekatwa usiostahili, uzembe. Nami nimelijaza neno hilo kwenye daftari la kazi kwa miaka, na mara nyingi nilimwonea mtu.

Mwaka mmoja tulikuwa tunapunguza miti kwenye shamba la paina. Miti ya kukatwa tulishaipiga alama ya rangi nyekundu usawa wa kifua. Kijana mmoja, mchapakazi, wa kwanza kufika asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni, siku tatu mfululizo akaangusha miti isiyo na alama, tena ile minyoofu tuliyotaka ibaki. Nikamkata posho, nikaandika "mzembe". Hakubisha. Alinyamaza tu, akainama kunoa panga lake.

Wiki iliyofuata tumekaa kando ya barabara tunakunywa chai, lori la magogo likatokea kwenye kona. Wenzake wakaanza kubishana ni la nani, maana namba zilikuwa zinasomeka. Yeye akauliza, "Lori gani?" Chai ikanikwama kooni. Nikamwambia aniambie ni mti upi pale mbele wenye rangi. Akasogea, akasogea tena, mpaka akabakiza kama hatua tatu ndipo akanyoosha kidole.

Kliniki ya macho walimkuta na tatizo la kutoona mbali. Walituelezea kwamba jicho lake ni refu kidogo kuliko kawaida kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo picha ya kitu cha mbali hukutana kabla haijafika nyuma ya jicho, nayo huonekana kama imefunikwa na moshi. Kitu cha karibu anakiona vizuri kabisa, ndiyo maana kunoa panga hakumshindi. Lenzi iliyobonyea katikati huisogeza picha ile mpaka mahali pake. Siku alipovaa miwani alisimama shambani akitazama ncha za miti kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kaka, kumbe sindano zinaonekana mojamoja." Miaka yote hakujua kwamba sisi wengine tunaziona hivyo. Posho yake nilimrudishia, ila lile neno lilishaandikwa na wenzake walishaanza kumwita nalo.

Tangu hapo nikikuta kosa najiuliza kwanza ni la aina gani, kwa sababu dawa zake hazifanani.

Kuna kughafilika, au kama tusemavyo, kupitiwa. Mtu anajua, anaweza, na anataka kufanya, lakini akili imeondoka kwa dakika moja. Huyu ukimgombeza unampotezea siku bure. Mwekee hesabu ya kumkumbusha. Wakati wa kupanda, kila mche una kiriba chake, yaani kimfuko cha nailoni ulimooteshwa, na kiriba lazima kivuliwe kabla mche haujaingia shimoni. Basi ukimpa mtu miche 300, jioni akurudishie viriba vitupu 300. Vikiwa 296, kuna miche minne imezikwa na nailoni, na bado mnakumbuka mlikopita.

Lakini vikirudi 180, hapo hakuna aliyepitiwa. Hiyo ni pupa, na mara nyingi pupa inaletwa na sisi wasimamizi. Tunalipa kwa kipande, kadiri unavyopanda miche mingi ndivyo unavyopata, halafu tunashangaa mtu asipopoteza muda kuvua viriba. Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Mche unashika, unapanda juu, mwaka wa kwanza na wa pili unapendeza. Niliwahi kung'oa mmoja ulioinamishwa na upepo ukiwa umenizidi urefu. Mizizi ilikuwa imejizungusha kama kamba iliyokunjwa, na nailoni nyeusi bado imeibana. Aliyeupanda alishalipwa zamani na kuhama. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mpandaji, tazama umempangiaje malipo.

Kupuuza ni jambo jingine kabisa. Anayepuuza ameona. Nyasi kwenye barabara ya moto, ule ukanda unaosafishwa ili moto usivuke, zimemfika kiunoni, anapita hapo kila siku, na anasema mwaka jana hapakuungua. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, maana macho yapo na akili ipo. Barabara za moto zilimwe nyasi zikiwa bado mbichi, mvua zikiisha. Ukisubiri Septemba, jirani anachoma shamba lake, upepo unageuka, na miaka kumi ya watu inaondoka mchana mmoja. Hapa ndipo pa kuwa mkali.

Sasa kutoona mbali kwenyewe, kule kwa fikra. Mtu anapanda kwa nafasi ya mita mbili kwa mbili, anapata miche 2,500 kwa hekta, na anamcheka aliyepanda mita tatu kwa tatu akapata 1,111. Anautazama mche ulivyo leo, umefika kwenye goti, anaona nafasi inapotea. Asipokuja kupunguza, miti itapigania mwanga na kutoka myembamba kama fito. Maneno hayamsaidii huyu. Mpeleke kwenye shamba la Sao Hill, asimame chini ya paina yenye miaka 20, aukumbatie mti, aone unavyomjaza mikono. Mimi nilibadilika kwa namna hiyo hiyo.

Ila msimwite hivyo mzee anayeuza paina za miaka tisa. Anajua kuliko ninyi kwamba mbao zake zitapinda zikikauka, na kwamba angengoja miaka 18 angepata bei nyingine. Ana ada ya mtoto mwezi huu. Huo ni ukata. Kaeni naye mpige hesabu: pengine miti ya kupunguzwa, ikiuzwa kwa nguzo za uzio na fito, inatosha ada, pengine auze robo eka na iliyobaki isimame.

Siku hizi mgeni akiripoti kazini, kabla sijampa panga, namsimamisha hatua ishirini kutoka kwenye mti ulioandikwa namba kwa rangi. Namwomba anisomee. Tunafanya hivyo faragha, wenzake wakiwa wanachukua vifaa stoo.