Dawa haichanganywi na polima

Muuguzi wa Mbale anaandaa kijikaratasi cha wagonjwa wa saratani. Anauliza: aandike dawa "iliyochanganywa na polima inayoyeyuka majini" au "iliyoambatanishwa"? (Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo, yenye vipande vidogo vingi vilivyoungana.)

Iliyoambatanishwa, ndugu yangu, na hilo "changanya" ling'oe na mizizi yake. Limetanda kwenye Kiswahili chetu kama magugu-maji ya Ziwa Victoria. Siku hizi vitu viwili vikikutana tu, basi vimechanganywa!

Kuchanganya ni katogo: matoke na utumbo ndani ya sufuria moja, mchuzi mmoja. Sasa mtazame mchuuzi anayetoka shambani na mikungu mitatu ya matoke kwenye baiskeli, kaifunga kwa mipira ya tairi kuukuu. Nani atasema kachanganya matoke na baiskeli? Mpira ukikatika njiani, ndizi zinaishia mtaroni. Ukikataa kufunguka, atafika sokoni asiuze hata kidole kimoja. Ndivyo Mjerumani Helmut Ringsdorf alivyoichora dawa ya namna hii mwaka 1975: polima ni baiskeli, dawa ni mkungu, na katikati kuna kiungo kinachostahimili safari ya kwenye damu, kisha kimeng'enya, yaani protini ya mwili inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kikikate ndani ya seli. Doksorubisini, dawa ya saratani, ikizunguka mwilini peke yake huweza kudhuru moyo. Ikibebwa na polima, umbo lake kubwa huizuia kupenya mishipa mizima ovyo, ila mishipa ya uvimbe wa saratani mara nyingi huvuja, na hapo ndipo inapopita. Ufundi wote umo katika ule mpira wa kufungia, na "changanya" haiuoni kabisa.

Tena, mgonjwa akiambiwa dawa yake imechanganywa, anakumbuka maziwa yaliyotiwa maji. Mama aliyesafiri kutoka Soroti hadi hospitali ya Mulago, Kampala, na mtoto mgonjwa tusimtwike hofu hiyo kwa uvivu wetu wa maneno.

Ambata, kwa ufupi, ina ile -ata ya kale ya kugusana, iliyomo pia katika kamata na fumbata.

Kuhusu "inayoyeyuka majini": samli huyeyuka kwa moto, sukari humumunyika kwenye chai, na polima hii ni mumunyifu. Nimelisema hilo miaka mingi na watu bado wanayeyusha sukari. Basi, kwa wagonjwa bakiza "inayoyeyuka majini", wataielewa. Ukiwaandikia madaktari, weka "mumunyifu".