Hati uliyoikuta ukutani usiifiche
Dada yangu pole, umekuta hati ya zamani ndani ya ukuta wa nyumba ya babu hapo Mji Mkongwe halafu huyo mpenzi wako anayesimamia ukarabati anakwambia usimwambie mtu, mi hapo ningeshtuka kwa kweli. Kumpenda mpende ila kama nyumba ni ya urithi au wakfu (yaani imetolewa kwa ajili ya dini au hisani), wenyewe si nyie wawili, kwahiyo piga picha kila ukurasa, mjomba aione, mkaulize Kamisheni ya Wakfu. Na asizibe ukuta kwa simenti!! Zile kuta ni mawe na chokaa, simenti inafungia unyevu ndani. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe anacho? Muulize leo, mjomba akiwepo.