Theluthi ya Bi Mkubwa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku Mombasa hatujambo, babako anakusalimu, na zile dawa za magoti ulizomtumia zimemsaidia.

Barua yako nimeisoma. Unasema wakili wa huko Leicester, Uingereza, anayekuandikia wasia amekuuliza kama utaacha chochote kwa ajili ya hisani, nawe unataka nikwambie uache kiasi gani ili wanao wasije wakaona wamepunjwa. Kiasi ndilo jambo jepesi, mwanangu. Swahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka alitaka kutoa theluthi mbili za mali yake, akakatazwa, akataka nusu, akakatazwa, ndipo Mtume (s.a.w.) alipomwambia: theluthi, na theluthi ni nyingi, kuwaacha warithi wako wana kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Ibn Abbas, naye swahaba, akapenda watu washuke mpaka robo. Na theluthi hiyo huhesabiwa baada ya gharama za maziko na madeni, kwa hiyo deni la nyumba yako litangulie. Mimi ningependa uniulize mengine: atashuhudia nani, na atasimamia nani? Kuandika si kukosa tawakali, si kuacha kumtegemea Mungu. Nimelisema hili nyumbani mpaka nyinyi mkawa mnanimalizia, na leo nalisema tena.

Unamkumbuka Bi Mkubwa, shangazi yangu wa Kibokoni, aliyekuwa hakuachi uondoke kwake bila mahamri na mbaazi. Lakini hujui kwa nini baada ya kifo chake nilikaa muda mrefu bila kukanyaga kwa mjomba wako mkubwa. Mlikuwa wadogo, na watoto hawaambiwi mambo hayo.

Bi Mkubwa hakuzaa. Mumewe alikuwa amemtangulia, na nduguye wa pekee, babangu, naye alikuwa ameshazikwa. Ile nyumba ilikuwa na maduka mawili chini. Kila mshoni aliyepanga moja alipoleta kodi, shangazi alikuwa akisema: “Duka hili, nikifa, ni la chuo.” Chuo chenyewe, cha kusomea Kurani, kilikuwa pale uchochoroni, paa linavuja, na mvua ikinyesha mwalimu huwaleta watoto barazani kwa Bi Mkubwa, wanasoma pale pale juu ya mikeka huku yeye akiwagawia kashata. Duka moja tu. Halikufika hata theluthi. Nilimwambia, “Shangazi, liandike.” Akanijibu, “Wewe hujasikia? Basi yatosha.” Alikuwa akikopesha kanga mtaa mzima bila daftari, na watu wakilipa. Kwake yeye neno lilitosha maisha yake yote.

Baada ya khitma wajomba zako walikaa na mzee mmoja anayejua hesabu za mirathi. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na wanawake. Nikatoka, nikasimama mlangoni, nikasema: marehemu ameacha wasia, duka la mshoni ni la chuo, nimemsikia kwa masikio yangu. Kukawa kimya. Mjomba wako mkubwa akaniuliza, “Shahidi mwengine ni nani?” Sikuwa naye. Mshoni alikuwa ameshahama, mwalimu ndiye mwenye kufaidika. Kisha akaongeza mbele ya watu wote: “Wewe humo katika mirathi. Ndiyo maana mali ya wenzio ni rahisi kwako kuigawa.”

Ni kweli simo. Shangazi akifa akaacha watoto wa nduguye, wa kiume ndio warithi, wa kike hawapati. Ndivyo ilivyo na sikuinung’unikia hata siku moja. Lakini kuambiwa kwamba nimemsingizia maiti kwa kijicho! Ninakuandikia haya na mkono wanitetemeka.

Nikisema haki, mjomba wako alikosea wapi? Mashahidi wawili ni sharti, na kama neno la mtu mmoja lingetosha, kila msiba ungezuka na shahidi wake na warithi wasingepata kitu. Hilo nalikubali. Lakini yeye alikuwa akinywa kahawa baraza ile ile kila Ijumaa. Je, hakulisikia? Sikumwona akisikia, siwezi kuapa, na Mola ndiye ajuaye. Nalirudia hili kila Ramadhani na sijapata pa kulifikisha.

Nyumba iliuzwa, wakagawana. Ila mjomba wako mdogo, yule asemaye neno moja kwa siku, alichukua katika fungu lake akanunua mabati ya chuo, paa zima. Hakumwambia mtu, mimi niliambiwa na fundi. Nililia kwa furaha, na mpaka leo sijamwambia kama najua. Hiyo ni sadaka yake yeye, ya Bi Mkubwa haikuandikwa.

Nami hujiuliza kwa nini hakuliweka wakfu angali hai. Swahaba Umar alipopata ardhi Khaybar aliifanya wakfu kwa masharti: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, na msimamizi ale kwa kiasi. Na usimamizi wa baada yake akamkabidhi bintiye, Hafsa. Binti, mwanangu! Kutoa ukiwa hai ni bora, unaona mwenyewe inakofika. Lakini nawe una watoto wanasoma na nyumba bado ya mkopo, sasa utatoa nini leo? Basi andika.

Na kwenu huko ni lazima zaidi. Mtu akifa Uingereza bila wasia, sheria ya huko inagawa kivyake, si kwa mafungu ya mirathi yetu, na hisani haipati hata peni. Uliniambia mashahidi wawili wawepo pamoja unapotia sahihi, na shahidi aliyeachiwa kitu hukikosa kitu hicho. Sheria hiyo imenipendeza. Ila lile la ushuru, kwamba kinachozidi pauni 325,000 hutozwa asilimia 40, na anayeachia hisani asilimia 10 ya sehemu inayotozwa hushushiwa hadi 36, lisiwe ndilo linalokusukuma. Ingawa kuwaokolea warithi pesa nako si dhambi. Wewe tengeneza nia kwanza, ushuru utajipanga wenyewe.

Umeuliza pia kama upeleke kwenye ile hospitali unayofanyia kazi au kwenye chuo cha huku. Mali ni yako na wanao ni wako, sitaki kukuamulia. Wagonjwa wako ni watu, na umewauguza kwa mikono yako. Chuo nacho kina watoto wengi kuliko zamani na ukumbi ni ule ule. Na robo ni kiasi kizuri. Hayo usiyachukue kama amri.

Kabla hujatia sahihi, niandikie majina ya mashahidi wako wawili na la msimamizi. Na nakala moja mpe nduguyo wa Nairobi, asiiweke kabatini tu, aisome.

Wabusu watoto.

Mamako