Wapigaji Hawasomi Partitura Yako

Kila msimu wa kusoma kazi mpya makosa ni yaleyale. Yanayobadilika ni majina ya watunzi tu. Mmepewa nusu saa. Filimbi, klarineti, fidla, selo na piano wameshakaa, mwongozaji ameinua mkono, halafu dakika kumi za kwanza zinaliwa na karatasi. Watunzi wadogo zetu, tunawapenda na tunataka kazi zenu zipigwe, kwa hiyo someni haya kabla hamjachapisha chochote.

1. Kundi hili halijipangi lenyewe. Limezoeleka tangu mtunzi Schoenberg alipoandika kazi yake Pierrot lunaire mwaka 1912, na kuzoeleka huko ndiko kunakowaponza. Filimbi kuanzia C ya kati hadi G iliyo juu yake ni nyepesi mno. Programu za kuandikia nota, MuseScore na Sibelius, zitakudanganya kwamba inasikika juu ya piano inayonguruma. Haisikiki. Ukiitaka sauti hiyo, na ni nzuri kweli, wapunguze wengine, wala usimwandikie mpuliza filimbi fff (kwa nguvu kabisa) ukidhani hiyo ni dawa.

Klarineti ndiyo yenye uwezo wa kutokea kimyani na kurudi kimyani. Mtunzi Mfaransa Messiaen aliutumia uwezo huo katika kwarteti yake (kazi ya wapigaji wanne) iliyopigwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, alipokuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Wajerumani ya Stalag VIII-A, Görlitz: sehemu ya tatu ni klarineti peke yake, yenye nota ndefu zinazokua kutoka karibu na hakuna. Kwa nini klarineti, fidla, selo na piano? Kwa sababu hao ndio wapigaji waliokuwapo. Baadaye yeye mwenyewe alisimulia kwamba selo ilikuwa na nyuzi tatu tu, na Étienne Pasquier, aliyeipiga, akasema zilikuwa nne. Mpigaji ndiye anayeijua ala yake. Mtunzi ana hadithi. Basi ulizeni mapema: mpuliza filimbi anayo pikolo, ile filimbi ndogo? Filimbi ya alto? Klarineti ya besi aliyonayo inashuka hadi C au inaishia E-flati? Na anayebadilisha ala mpeni angalau sekunde 10 hadi 15, mkikumbuka kwamba ala iliyokaa bila kupulizwa imepoa na itaanza chini kidogo ya sauti inayotakiwa.

2. Nyuzi. Nota mbili kwa pamoja zinahitaji nyuzi mbili. Kwenye fidla uzi wa chini ni G na unaofuata ni D, hivyo nota mbili zote zikiwa chini ya hiyo D hazipigiki pamoja. A na G-shapu za chini kwa wakati mmoja? Haiwezekani, hata ukimleta nani. Kwenye selo kanuni ni ileile chini ya G ya uzi wa tatu. Sordino (kibano cha kupunguza sauti) inataka sekunde kama 5 kuivaa, pungufu kidogo kuivua, na lazima uandike pia mahali pa kuivua. Nusu yenu husahau.

3. Sasa tufike penye maumivu. Mtunzi amehangaika miezi na partitura, kitabu chenye nota za ala zote pamoja. Ni safi, imefungwa kwa waya, inalala wazi juu ya stendi. Usiku wa kuamkia mazoezi anabonyeza kitufe cha kutoa kurasa za wapigaji, anazichapisha A4 pande mbili bila kuzitazama, anaenda kulala. Asubuhi wapigaji wanaanza kusoma, na hawasomi partitura yako. Wanasoma zile kurasa ulizozidharau.

Kinachoharibika kwanza ni klarineti. Partitura iliandikwa kwa sauti halisi, yaani nota kama zinavyosikika, jambo lisilo na ubaya, lakini ukurasa wa klarineti nao umetoka kwa sauti halisi huku juu umeandikwa «Klarineti ya B-flati». Mpigaji anapiga anachokiona, kila nota inatoka toni moja chini, na kwa kuwa muziki ni mpya na umejaa migongano, hakuna anayegundua. Mwongozaji anadhani ndivyo ulivyotaka. Mtunzi kule nyuma anahisi kuna kitu, hajui ni nini. Likija kugundulika ukurasa wa tatu, mpigaji analazimika kuhamisha kichwani mwake kipande ambacho hajawahi kukiona. Klarineti ya B-flati huandikwa toni moja juu ya sauti halisi. Ya A, theluthi ndogo juu. Ya besi kwa ufunguo wa G, oktava moja na toni moja juu. Partitura nayo iseme kwenye ukurasa wa kwanza kama ni ya sauti halisi au la. Pikolo na besi kubwa hubaki na tofauti yao ya oktava hata kwenye partitura ya sauti halisi.

Kisha kugeuza ukurasa. Mpigaji fidla anatumia mikono yote miwili. Hana wa tatu. Ukurasa wa kulia lazima uishie penye pumziko la sekunde 3 au zaidi, hata kama itabidi uache nusu ya karatasi tupu. Karatasi tupu si aibu. Ikishindikana kabisa, tengeneza ukurasa wa kukunjua. Wanaosoma kwenye tableti kwa pedali ya mguu wapo, ila usitegemee hilo: ukurasa mkubwa ukibanwa kwenye skrini, nota zinakuwa punje za mtama.

Ukubwa nao. Wakutubi wa okestra walio katika chama cha MOLA wanapendekeza karatasi ya inchi 9.5 kwa 12.5, na mistari mitano yenye kimo cha milimita 8 kutoka wa chini hadi wa juu. Ukishuka chini ya 7, mpigaji ataanza kuinama. Tumia karatasi ya gramu 100; ile ya kawaida ya ofisini, gramu 80, inaonyesha nota za upande wa pili taa ikiwaka nyuma ya stendi.

Na yale mapumziko marefu! Programu inakupa vipimo 47 katika furushi moja, na mwenzio akae akihesabu huku mapigo yanabadilika kutoka 5/8 kwenda 7/16. Kata furushi kwenye kila herufi ya mazoezi (alama ya mahali pa kuanzia tena) na kila badiliko la kasi, kisha umwekee nota ndogo za ala nyingine kabla hajaingia. Chagua ala anayoisikia kweli kutoka anapokaa. Kumwekea selo nota za filimbi ya chini hakumsaidii. Rudi namba 1. Namba ya kipimo iwe mwanzo wa kila mstari, na ilingane na ya partitura. Hapo msicheke. Zisipolingana, kila maneno ya «tuanze kipimo cha 112» yanazaa mjadala.

4. Wengi wenu mnapenda mifumo ya kupishana, ule mtindo wa amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, na hamkosei: mtunzi wa Uganda Justinian Tamusuza aliingiza muziki wa Kiganda katika kwarteti ya nyuzi mwaka 1988, na kundi la Kronos Quartet wakaweka sehemu yake ya kwanza kwenye albamu ya Pieces of Africa mwaka 1992. Ila tazameni jinsi amadinda inavyopigwa. Wawili wanakaa kuelekeana, nota za mmoja zinaangukia katikati ya nota za mwenzake, na kila mmoja anahisi zake ndizo zilizo juu ya pigo. Mkiihamishia kwenye fidla na selo, mmoja mnamwandikia juu ya pigo, mwingine mnamwachia semikwava za nje ya pigo na pumziko kila baada ya nota. Huyu wa pili baada ya vipimo kumi kichwa chake kinageuza pigo bila yeye kutaka, na kundi linachanika. Dawa: kwenye kila ukurasa weka mstari wa mwenzake kwa nota ndogo juu, na wape sehemu za kukutana, nota moja ya pamoja kila vipimo vinne hivi. Piga na hesabu pia. Kwa kasi ya kwota 120, semikwava za pamoja ni 8 kwa sekunde, kila mmoja 4. Hiyo inapigika. Ukiandika 180 ni 12 kwa sekunde, na kwa kusoma mara ya kwanza unajitafutia balaa.

5. Ndani ya piano: omba ruhusa ya ukumbi kwanza. Vyuma vya fremu havikai mahali pamoja kwenye kila modeli, kwa hiyo hamoniki (sauti ya juu inayotoka kwa kugusa uzi kidogo) uliyoigusa kwa urahisi kwenye piano ya mazoezi inaweza kuwa chini ya chuma jioni ya onyesho. Andika unachotaka kisikike, pamoja na nota mbadala.

6. Multifoniki (sauti zaidi ya moja kwa pumzi moja): kaa na mpulizaji mwenyewe, usinakili jedwali la vidole.

7. Chumbani, sema kidogo. Ukiulizwa swali, jibu lenye namba ya kipimo na jina la nota linatosha. Falsafa ya kazi ibaki kwenye karatasi ya programu. Yakibainika makosa, usirudi kesho na kurasa mpya safi zilizosahihishwa. Wapigaji wameshaandika mwelekeo wa upinde, vidole, mahali pa kupumua na vichoro vya miwani vya kujitahadharisha kwa penseli, na ukurasa wako mpya unafuta kazi hiyo yote. Peleka orodha fupi: ala, kipimo, pigo, kilichopo, kinachotakiwa. Kama mstari mzima umebadilika, chapisha mstari huo peke yake kwa ukubwa uleule, ukate kwa mkasi, uende na gundi ya karatasi. Na penseli za ziada, tafadhali, maana kuna mmoja kati yenu atakayekuja na kalamu ya wino.