Jibu: Mtumiaji akipakia wimbo usio wake, nashtakiwa mimi?
Habari ndugu. Umeuliza kama mwenye tovuti hubeba kosa la mtumiaji aliyepakia wimbo wa mtu. Kwa sheria ya Marekani, angalia kwanza: umesajili wakala wa kupokea malalamiko kwenye Ofisi ya Hakimiliki? Bila huyo, kinga ya DMCA (sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni, inayomkinga mwenye tovuti na kosa la mtumiaji) huipati, hata ukifuta nyimbo mbio namna gani. Usajili huisha baada ya miaka 3, na wengi husahau kuuhuisha.

Lalamiko likija, ondoa wimbo upesi, mjulishe aliyeupakia. Anayerudia kosa mfungie akaunti. Nasimamia tovuti ya namna hii, na hapo ndipo naona wenzangu wakilegea, wanamwonea haya mpakiaji mwenye wafuasi wengi. Msimwonee haya!

Halafu wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Ruhusa ya mwimbaji pekee huenda isitoshe.